Uchovu Si Uvivu: Historia ya Maumivu Yasiyoonekana, Kutoka Unguja Hadi Yaeda Chini



Kila msimu wa harusi ukifika, kuna maneno yanazunguka mabarazani na majikoni: wasichana wa siku hizi hawana nguvu, bibi zetu walitwanga, walichota maji kisimani, walizaa watoto kumi, na hakuna aliyelalamika mgongo. Kwa aliye mzima, haya ni mazungumzo ya kupitishia wakati. Kwa bi harusi anayeamka amechoka kuliko alivyolala, ambaye mabega, nyonga na viganja vinamuuma miezi nenda miezi rudi, na kila kipimo cha hospitali kinarudi kikisema yuko salama, maneno haya yanakata kama kisu. Mwisho naye anaamini kwamba ni mvivu. Mume anaamini hivyo, na wakwe wanaanza kunong'ona. Hapo ndipo ndoa changa inapotikisika kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuita kwa jina lake.

Jina moja la hali hiyo ni fibromialgia. Ni maumivu ya mwili mzima yanayodumu, pamoja na uchovu mzito, usingizi usioburudisha na akili kuwa kama ina ukungu. Humpata mwanamme na mwanamke, lakini wanawake ndio wengi wanaofika kwa daktari kwa tatizo hili. Makadirio ya nchi nyingi ni kwamba watu 2 hadi 4 katika kila 100 wanayo.

Leo hatutaanza na dawa. Tutaanza na historia, kwa sababu lawama anazobeba dada yetu zimejengwa juu ya historia isiyo sahihi. Je, ni kweli wanawake wa zamani hawakuumwa? Je, ni kweli mwanamke mchapakazi hapumziki? Na dini yetu ilimtazama vipi mwanamke aliyechoka?

Bibi zetu waliumwa, na walikuwa na majina

Shahidi wa kwanza ni Kiswahili chenyewe. Watu wasioumwa hawatungi majina ya maumivu. Sisi tuna kichomi, mshipa, tambazi, mavune, kiharusi na baridi yabisi. Hilo la mwisho limetokana na Kiarabu: baridi, na yabisi yaani kavu. Ni lugha ya tiba ya kale, iliyoutazama mwili kwa mizani ya joto na baridi, unyevu na ukavu.

Bingwa mkubwa wa tiba hiyo ni Ibn Sina, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037. Katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb aliyagawa maumivu katika aina 15: la kuchoma, la kudunda, la kubana, la uzito, la ganzi na mengineyo. Miongoni mwa aina hizo aliweka maumivu ya uchovu, kama aina inayojitegemea. Karibu miaka elfu moja iliyopita, tabibu wa Kiislamu alikubali kwamba uchovu wenyewe unaweza kuuma. Na alipoeleza njia za kupoza maumivu hakutaja dawa peke yake. Alitaja pia kutembea taratibu, kusikiliza sauti nzuri, na kuishughulisha akili kwa jambo linaloifurahisha. Tuyakumbuke hayo, maana tutakutana nayo tena.

Shahidi wa pili ni kisiwa chetu. Mwaka 1870 maradhi yalienea Zanzibar, mtu akishikwa na homa ya ghafla na viungo kukaza hata kutembea kukawa tabu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliandika kwamba wenyeji waliyaita kidinga pepo. Wazee waliyatambua mara moja, kwa kuwa walikuwa wameyaona utotoni, mnamo mwaka 1823. Wapo wataalamu wa lugha wanaodhani kwamba hata neno "dengue" linalotumika duniani kote lilitokana na jina hilo la Kiswahili. Na wapo watafiti wa baadaye waliozisoma upya dalili alizoziandika Christie wakaona zinafanana zaidi na chikungunya.

Chikungunya nayo jina lake limetoka kwetu. Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na viungo ulizuka Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuelezea katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1955, na jina wakalichukua katika Kimakonde, lenye maana ya kukunjika au kupindika. Mgonjwa hupindika kwa maumivu. Homa huondoka baada ya siku chache, lakini kwa baadhi ya watu maumivu ya viungo na uchovu hubaki miezi, na wengine miaka. Mwaka 2004 uliingia Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanyika kisiwani humo ulionesha kuwa karibu robo tatu ya watu waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ukavuka hadi Komoro na Réunion.

Kwa hiyo tusiseme kwamba bibi zetu hawakuumwa. Waliumwa, na baadhi yao waliishi na maumivu hayo muda mrefu baada ya homa kwisha. Tofauti ni kwamba nyumba zilikuwa na watu wengi. Bibi aliyeshindwa kusimama alipewa mchele achambue akiwa amekaa mkekani, na mwengine akasimama jikoni. Hakuandikwa popote kuwa mgonjwa, na hakuitwa mvivu.

Kwa nini tunakwenda Yaeda Chini

Swali la pili linatutoa baharini na kutupeleka bara. Yaeda Chini ni kijiji cha wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara, katika bonde kame la mibuyu na migunga lililo kusini ya Ziwa Eyasi. Hapo wanakutana Wadatoga wafugaji, Wairaqw wakulima wa nyanda za juu za Mbulu, na Wahadzabe. Wahadzabe ni watu wachache, yapata elfu moja na mia kadhaa, na baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba viazi pori. Ubuyu tunaoununua sisi umetiwa rangi na sukari, wao huutwanga juu ya jiwe ukawa unga wa chakula.

Kijiji hiki kina historia ya machungu. Tangu zama za ukoloni watawala walijaribu mara kadhaa kuwafanya Wahadzabe wawe wakulima wa mahali pamoja. Mwaka 1964 na 1965 serikali iliwakusanya wengi wao Yaeda Chini. Maradhi ya kifua na ya kuharisha yakaingia katika makazi hayo ya msongamano, watu wengi wakafa, na waliobaki wengi wao wakarejea porini. Shule na huduma nyengine zilibaki, na Yaeda Chini ikaendelea kuwa kijiji. Mwaka 2011 jamii hiyo ilipata hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yake.

Tunawataja si kwa kuwa ni watu wa zama za kale. Ni watu wa leo, raia wenzetu. Tunawataja kwa sababu mama wa Kihadzabe ni miongoni mwa wanawake wachache duniani ambao kazi yao, mapumziko yao na usingizi wao vimepimwa kwa vyombo, saa kwa saa. Tukitaka kujua mwanamke wa jembe na kisima anaishi vipi hasa, hatuna haja ya kubahatisha.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Profesa Audax Mabulla, walichapisha vipimo vya nguvu ambazo mwili unatumia kwa siku. Walipima Wahadzabe wazima 30, wanawake 17 na wanaume 13. Wanawake walitembea wastani wa kilomita 5.8 kwa siku, wanaume 11.4. Wengi walitarajia kuona miili hiyo ikichoma nguvu nyingi kupita ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu za siku nzima ilikaribiana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi upande mmoja, unabana upande mwengine. Mwili si kisima kisicho na mwisho, hata kwa mwanamke wa porini.

Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake, Mabulla akiwemo tena, walitoa vipimo vya mapumziko. Wahadzabe wazima walikuwa wamepumzika karibu saa 10 kwa siku, ukiondoa usingizi wa usiku. Saa 10! Hizo hazipungui saa ambazo watu wengi wa mijini wanakaa. Lakini pumziko lao lina sura yake. Mara nyingi wanachutama au wanapiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi kidogo, kisha wanainuka, wanatembea, wanarudi chini. Hawafanyi kazi tangu alfajiri hadi usiku wakaanguka, wala hawalali kutwa.

Mapumziko hayo yanawezekana kwa sababu kazi imegawanywa. Mwaka 1989 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliandika kuhusu bibi wa Kihadzabe, wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Waliona bibi hao wakitumia muda mwingi zaidi kutafuta chakula kuliko wasichana na kuliko wazazi wachanga. Baadaye, mwaka 1997, walionesha kwamba mama akiwa na kichanga, na hivyo kupunguza kazi, ukuaji wa mtoto wake mkubwa ulihusiana na juhudi za bibi. Yaani mwanamke anapokuwa na udhaifu wa wakati, mkono mwengine unachukua kijiti cha kuchimbia. Mama hasemwi kuwa ameshindwa kulea.

Hata usiku umegawanywa. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha uchunguzi wa usingizi wa Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika 18 tu ndizo ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa, na daima kuna jicho lililo wazi. Watafiti waliona hapo aina ya ulinzi wa asili, kwamba kila anayelala kuna mwenziwe anayemlinda.

Hatusemi kwamba maisha ya Yaeda ni dawa ya fibromialgia, wala kwamba maisha hayo ni mepesi. Tunasema jambo dogo zaidi. Yule mwanamke wa zamani aliyefanya kazi kutwa bila ya kupumzika wala kusaidiwa, ambaye bi harusi wetu anapimwa naye kila siku, haonekani hata pale tulipotarajia kumkuta. Ni picha iliyotungwa na wasiochoka.

Na bonde lilelile linatupa funzo jengine. Wilaya za Mbulu na Hanang zimefanyiwa tafiti za upungufu wa damu kwa wajawazito, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliuhusisha upungufu huo na madini ya chuma, lishe na maambukizi. Wako wanawake waliokuwa wamechoka kwa sababu inayopimika na kutibika. Ndiyo maana hatutakiwi kumwambia mwanamke aliyechoka "ni mawazo tu", wala "ni fibromialgia tu", kabla ya kumpima.

Mwanamke aliyechoka katika nyumba ya Mtume

Dada zetu, tukitafuta mfano wa bi harusi aliyechoka kwa kazi za nyumba, tunaye bora kuliko wote. Bibi Fatima, radhi za Allah ziwe juu yake, alisaga nafaka kwa jiwe la mkono mpaka mikono ikaathirika. Alikwenda kwa baba yake, rehema na amani zimfikie, kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha. Usiku Mtume akaja mwenyewe nyumbani kwa Fatima na Ali wakiwa wamekwisha kulala, akaketi baina yao, na akawafundisha kumtaja Allah kabla ya kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34, akawaambia hayo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Hadithi hii tumeisikia sana, lakini mara nyingi tunaisimulia kwa ajili ya kumnyamazisha mwanamke. Tuitazame tena. Fatima alisema kwamba amechoka, na hakukatazwa kusema. Hakuambiwa kwamba wenzake wanafanya zaidi. Baba yake, kiongozi wa umma mzima, alitoka usiku kumfuata nyumbani. Na alichomfundisha kilikuwa cha wakati wa kulala, mlango wa kupumzika.

Mfano mwengine ni wa kamba msikitini. Mtume aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Zaynab, anajishikilia akichoka katika sala. Akaamuru ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Na Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, alifundishwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na Salman alimwambia Abu Darda kwamba mwili nao una haki yake, na Mtume akamsadikisha Salman.

Nabii Ayyub, amani iwe juu yake, ndiye tunayetajiwa kila tukiumwa. Na ni haki, kwani subira yake ni kubwa. Lakini Ayyub naye aliomba. Alimweleza Mola wake kwamba dhara limemgusa, na Mola hakumlaumu kwa kusema hivyo. Kusubiri hakuna maana ya kunyamaza.

Miaka mia ya kutafuta jina

Tiba ya kisasa ilichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1904 daktari wa London, William Gowers, alitoa mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno na akaunda neno "fibrositis", akidhani kuna uvimbe katika nyuzi za misuli. Uvimbe haukupatikana. Neno likabaki, na wagonjwa wengi wakabaki wakiambiwa hawana kitu.

Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto, Canada, walifanya jaribio dogo. Walichukua watu wazima wa afya, na kila walipoingia katika usingizi mzito wakawasumbua kwa kelele, bila ya kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache tu watu hao wakaanza kuumwa na misuli na kuhisi uchovu. Usingizi uliovunjwa ulizaa maumivu. Kila mama mwenye kichanga anajua walichokiona.

Mwaka 1976 jina la fibromialgia likaanza kutumika. Na mwaka 1981 daktari Muhammad Yunus wa Peoria, Illinois, nchini Marekani, akachapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa na watu wazima kwa utaratibu. Huyu si yule Muhammad Yunus wa mikopo midogo aliyepata tuzo ya Nobel. Huyu ni daktari, na watafiti wengi waliofuata walijenga juu ya kazi yake. Alionesha kwamba dalili za wagonjwa hawa zinafuata mpangilio, si za kubuni.

Mwaka 1990 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kikaweka vigezo: maumivu ya mwili mzima kwa miezi 3 au zaidi, na maumivu katika sehemu 11 kati ya 18 zinazobonyezwa. Mwaka 2010 vikaja vigezo vipya, kubonyeza kukawa si lazima, na uchovu, usingizi na ukungu wa akili vikapewa uzito wake. Leo wataalamu wanaeleza kwamba tatizo kubwa liko katika mfumo wa neva na ubongo unaopokea maumivu, mfano wa redio iliyopandishwa sauti mno. Kinachopigwa ni kilekile, lakini anayesikiliza anaumia. Ndiyo maana damu na picha za eksirei huonekana safi. Maumivu ni ya kweli, ila hivyo vipimo havikutengenezwa kuyaona.

Tunatoka na nini

Kwanza, kapime. Mwambie daktari muda ulioanza kuumwa, sehemu zinazouma, unavyolala na unavyoamka. Uliza kuhusu wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari, na maradhi ya viungo kama lupasi. Uliza pia vitamini D, hasa wewe unayekaa ndani au unayejisitiri vizuri, kwani jua halikufikii. Ukiwa na homa, viungo kuvimba, kukonda bila ya sababu, au ganzi na udhaifu wa mguu au mkono, usingoje.

Pili, jihadhari na vidonge vya duka. Diklofenaki na wenzake wakitumiwa kila siku kwa muda mrefu wanaweza kuumiza tumbo na figo, na kwa fibromialgia msaada wao ni mdogo. Ziko dawa anazoweza kuandika daktari, kama amitriptilini kwa kiasi kidogo wakati wa usiku. Ukitarajia kushika mimba, mwambie daktari mapema, na usikatize dawa kwa ghafla bila ya ushauri wake. Dua, ruqya, na hijama kwa vifaa safi ni kheri, lakini hazichukui nafasi ya kupimwa.

Tatu, tembea, taratibu. Mwaka 2017 jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa baridi yabisi ilichapisha mwongozo wake baada ya kupitia tafiti nyingi, na jambo pekee iliyolipendekeza kwa nguvu zote lilikuwa mazoezi. Anza na dakika 5 baada ya sala ya alasiri, ongeza kidogo kila wiki. Ibn Sina asingeshangaa.

Nne, uwe na bajeti. Siku unayojisikia vizuri usifue, ukapika, ukapiga deki na kwenda harusini kwa pamoja, ukalala siku tatu. Fanya kidogo, kaa, inuka tena. Kwa bi harusi hii ina maana ya kusema mapema: singo na kukandwa kuwe kwa mkono mwepesi, kukaa kupambwa kuwe na mapumziko, hina ipakwe siku tofauti na siku ya nikahi. Somo mwenye hekima ataelewa. Mila yetu yenyewe inaijua haki ya kupumzika. Bi harusi ana fungate lake, mzazi ana arubaini yake. Mgonjwa wa muda mrefu anahitaji rehema hiyohiyo, ila kidogo kidogo na kwa siku nyingi zaidi.

Tano, ibada. Sala ya kukaa ni sala. Mgonjwa ana ruhusa yake katika funga, ya kulipa siku nyengine, na kwa asiyetarajia kupona kuna fidia. Mchukulie sheikh maneno ya daktari akuongoze kwa hali yako, usijihukumu peke yako usiku wa manane.

Sita, sema kabla ya nikahi. Mchumba na walii wajue kwamba una maradhi yanayopanda na kushuka. Anayekimbia kwa hilo, bora akimbie mapema. Na anayebaki atakuwa anajua kwa nini mke wake leo ameweza na kesho hakuweza.

Kwa waume, mama wakwe na mawifi tunaosoma pamoja nasi, swali letu ni moja. Katika nyumba yenu, kichanga kikilia saa nane usiku, ni jicho la nani lililo wazi? Ikiwa kila siku ni la mtu mmoja, na ndiye huyohuyo anayetakiwa kuamka kupika, msishangae mwili wake ukikataa. Wahadzabe 33 hawakumwachia usiku mtu mmoja.

Ewe Mola wetu, wape afya dada zetu wanaoumwa na hawaoneshi, wape waume wenye kusikiliza na wakwe wenye huruma, na ujaalie kila saa ya maumivu yao iwe kafara na daraja kwao. Aamin.